Kidonge cha Tingatinga

Kengele ya mwisho ilipogongwa, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Chiriku akashika njia ya nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu baba yake atoke hospitali. Alivua sare, akasugua kola kwa sabuni, akaianika dirishani, akabandika maji jikoni, kisha akaketi mezani na madaftari yake kusubiri saa kumi na mbili, saa ya kumpa baba kidonge. Mama hakuweza kufanya hayo. Mama alikuwa buchani mpaka giza liingie.

Zamani mwenye bucha alikuwa baba. Mtaa mzima ulimwita Tingatinga. Lori la nyama lilipofika asubuhi, wauza nyama wengine waliitana wawili wawili kupokea nusu ng'ombe, lakini yeye aliipokea peke yake begani, akaingia nayo dukani huku akitaniana na dereva, akaitundika kwenye kulabu kama mtu anayetundika koti. Ni yeye aliyempa binti yake jina la Chiriku, kwa kuwa tangu mtoto huyo ajue kusema hakujua kunyamaza.

Kisha pumzi zikaanza kumwishia. Kwanza ilikuwa kwenye ngazi, baadaye hata akiwa amesimama tu nyuma ya mizani. Daktari alieleza kwamba moyo una milango midogo ya kupitishia damu, inayoitwa vali. Mmoja wa milango ya Tingatinga uliharibika alipokuwa mtoto, kwa ugonjwa wa koo ambao haukutibiwa vizuri, na sasa haukuweza kufunga. Wakampasua kifua, wakauondoa, wakamwekea vali ya kutengenezwa.

Alirudi nyumbani na kovu refu katikati ya kifua, na masharti mengi. Asinyanyue kitu kizito mpaka mfupa wa kidari uunge, na hata ukiunga asifikirie tena kubeba nusu ng'ombe. Ajihadhari na chochote chenye makali. Na kila jioni, maisha yake yote, ameze kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye ile vali. Kidonge hicho kingeifanya damu yake iwe nyepesi, kwa hiyo hata jeraha dogo lingechuruzika muda mrefu. Ndiyo sababu alitakiwa kwenda kliniki mara kwa mara, atobolewe kidole na kupimwa.

Vali hiyo ilikuwa na mlio. Tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Chumba kikiwa kimya, Chiriku aliusikia akiwa upande wa pili wa meza. Watoto wa jirani walikuja kuusikiliza, na Tingatinga akawafukuza kwa kiatu.

Maana kitu kingine alichorudi nacho kilikuwa hasira. Chai ilikuwa ya moto mno, au imepoa. Redio ya jirani ilipiga kelele. Shangazi alipokuja kumjulia hali akamshika mkono ili amsaidie kushuka kizingiti, aliuvuta mkono wake kwa nguvu hadi shangazi akayumba. Mama alipomwondolea ndoo ya maji mkononi, aliipiga teke ikamwagika sebuleni.

"Nimepasuliwa kifua," alisema, "sikukatwa mikono. Mnanifanya yai."

Aliyepangusa yale maji ni Chiriku. Naye alikuwa na hasira zake. Kabla ya operesheni alikuwa mdakaji wa timu ya shule, na mwalimu wa michezo alishamwambia kuwa ana mikono kama gundi. Sasa golini alisimama msichana mwingine, tena wa darasa la chini yake. Chiriku aliwasikia wakishangilia alipokuwa akipita nje ya ukuta wa uwanja. Akifika nyumbani, asante yake ilikuwa kuulizwa mbona amechelewa.

Jumamosi moja mama alikwenda machinjioni kuchagua nyama ya wiki, akamwacha Chiriku buchani awaombe wateja wasubiri. Alikuwapo fundi cherehani wa duka la pembeni, mtu wa maneno mengi. Mara Tingatinga akatokea mlangoni. Alikuwa ametoroka nyumbani, bado amevaa kandambili. Fundi cherehani alifurahi kumwona, na katika kufurahi kwake akatania kwamba Tingatinga apumzike tu, kwani tangu mama ashike kisu, nyama haina tena vipande vya mfupa vya kuvunja watu meno.

Ulikuwa utani. Lakini Tingatinga hakucheka. Alizunguka meza, akachukua kisu chembamba cha kutolea mifupa, akateremsha paja kutoka kwenye kulabu. Chiriku alimkumbusha kwamba amekatazwa. Baba yake alimwambia akae pembeni.

Kwa dakika chache alikuwa baba wa zamani. Kisu kilipita kati ya nyama na mfupa bila kusita, vipande vikaanguka kwenye gogo vikiwa sawasawa, hata fundi cherehani akanyamaza kutazama. Kisha mkono wa kushoto, ambao ulikuwa umezoea kukaa bure, ukateleza juu ya mafuta. Kisu kikakipata kidole gumba.

Halikuwa jeraha kubwa. Zamani angelilamba tu na kuendelea. Safari hii damu ilijaa kiganjani, ikashuka hadi kwenye kiwiko. Chiriku alibana kidole kwa kitambaa, kitambaa kikaloa. Akabana kwa kingine. Fundi cherehani alitaka kwenda kuita gari, lakini Tingatinga alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya achukue mfuko wake wa nyama na kuondoka. Damu ilipokoma hatimaye, Tingatinga alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, uso umempauka.

Aliosha gogo mwenyewe kwa mkono mmoja. Mama alipouliza, aliambiwa ni bati la mlangoni. Alimgeukia Chiriku kupata hakika, na Chiriku akasema ndiyo, ni bati.

Jioni ile Chiriku alipeleka kidonge na kikombe cha maji kama kawaida. Baba yake alikiweka kile kidonge kwenye kiganja, akakitazama, kisha akakidumbukiza katika mfuko wa shati.

"Hiki ndicho kinachoniharibia damu," alisema. "Nikikiacha kidogo, damu yangu itarudi kuwa damu, nami nitashika kisu changu."

"Lakini daktari alisema kila siku."

"Daktari anauza nyama?" Baba yake aliinama karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Hili ni letu wawili. Mama yako akikuuliza, nimekunywa."

Mama alirudi amechoka, mikono inanuka nyama na sabuni, na kabla hata ya kukaa akauliza. Chiriku aliinamia daftari, neno likachelewa kutoka. Akalisukuma. "Amekunywa."

Siku ya pili neno lilitoka kwa urahisi zaidi. Siku ya tatu lilitoka kabla mama hajamaliza kuuliza. Mara mbili Chiriku alijaribu kumsihi baba yake, na mara zote mbili alikemewa kwamba mtoto hamfundishi mzazi. Baada ya hapo hakusema tena. Kusema kweli, kulikuwa na jioni ambazo hakutaka kusema. Alikiona kidonge kikitumbukia mfukoni, akakumbuka ile ndoo, akakumbuka goli lake, akajisemea moyoni: shauri yake. Asinywe basi. Kisha alikwenda kulala, na usingizi ukawa mgumu kuja.

Siku ya kliniki Tingatinga alivaa vizuri, akaaga, akazunguka sokoni hadi mchana, akarudi akasema amepimwa na damu yake ni safi kabisa. Kidole kilikuwa kimepona. Alitembea kwa maringo, akisema wiki ijayo atarudi kazini, wapende wasipende.

Wiki hiyo haikufika. Jioni moja Chiriku alikuwa akifanya hesabu za sehemu, zile ambazo siku zote zilimshinda kwa sababu ya ule mlio wa tik, tik uliokuwa ukimtoboa masikio. Alifanya zoezi zima bila kukasirika hata kidogo. Alifunga daftari, akashangaa kwa nini. Chumba kilikuwa kimya.

Kimya mno.

Baba yake alikuwa amesinzia kwenye kiti karibu na dirisha, mdomo wazi, akivuta pumzi fupifupi kama aliyetoka kukimbia. Chiriku alimsogelea, akainama, akaweka sikio karibu na kovu. Mlio ulikuwapo, lakini hafifu, kama kitu kilichofungwa ndani ya nguo nzito. Tingatinga akafumbua macho.

"Unatafuta nini?"

"Baba, vali hailii kama zamani."

Chiriku aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uso wa baba yake, akajua ni woga. Kilikaa kidogo tu, kisha hasira ikakifunika. Tingatinga alimwambia arudi kwenye vitabu vyake, akainuka ili kuonyesha kwamba hana neno. Hatua chache tu, akalazimika kushika ukuta. Kifua kilipanda na kushuka, na jasho likamtoka kwenye paji la uso ingawa hapakuwa na joto.

Chiriku alichukua kandambili zake.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia mama."

"Ukitoka hapo mlangoni," alisema baba yake, akiyavuta maneno moja moja pamoja na pumzi, "usiniite baba tena."

Alitoka. Alikimbia huku akilia kwa hasira, akipangusa machozi kwa mkono aliokuwa bado ameshikia kalamu. Bucha ilikuwa imejaa, watu wa jioni wote wamesimama mbele ya mizani. Alikuwa amepanga amvute mama pembeni, lakini pumzi na maneno vilitoka pamoja mbele ya kila mtu: kwamba baba hanywi dawa, kwamba ni tangu siku aliyojikata kwa kisu, kwamba yeye alikuwa akidanganya kila jioni, na kwamba sasa moyo wa baba haulii.

Mama hakupiga kelele. Aliweka kisu juu ya gogo, akafungua aproni, akawaambia wateja kwamba amefunga. Mmoja alikuwa ameshika kifurushi chake ambacho hakijapimwa, naye mama alimsukuma nje pamoja nacho.

Hospitalini daktari aliweka kipimo kifuani mwa Tingatinga, akasikiliza, akabadilika uso. Alimuuliza ameacha dawa kwa muda gani. Tingatinga, akiwa amelala na mpira wa hewa puani, alijibu kwamba labda alisahau mara moja au mbili.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni.

"Hajasahau," alisema. "Ni tangu ile Jumamosi, sio iliyopita, ile nyingine kabla yake. Hajanywa hata siku moja. Kliniki pia hakwenda."

Baba yake aligeuza uso ukutani. Daktari hakuuliza tena. Aliwageukia wauguzi akaanza kuagiza. Baadaye, alipotoka chumbani, aliwaeleza Chiriku na mama yake kwamba damu ilikuwa imeganda kwenye vali na kuifanya ikwame, kama mlango uliojaa tope kwenye bawaba. Walikuwa wamempa dawa ya kuyeyusha lile donge, na ikishindikana watampasua tena. Alisema pia kwamba kama angeamini ile hadithi ya mara moja au mbili, angeanza kutafuta ugonjwa mwingine, na usiku ungepotea bure.

Wakabaki wawili kwenye benchi la korido. Mama alikuwa akitazama mbele.

"Kila jioni nilikuuliza," alisema.

"Aliniambia nisiseme."

"Ndiyo. Na wewe?"

Chiriku alikunja ncha ya sketi yake. Angeweza kuishia pale, kwenye amri ya baba. "Nilikuwa na hasira naye," alisema mwishowe. "Nikasema shauri yake."

Mama alimgeukia. "Mimi nina hasira naye tangu alipomwaga ile ndoo," alisema. "Nyingine bado ninazo hapa kifuani. Ukiwa na hasira na mtu, mgombeze, mnunie, nenda kapige mpira ukutani. Lakini hasira usiipeleke kwenye dawa yake." Kisha akamvuta, akamlaza kichwa begani kwake, na bega lile lilikuwa gumu, halijasamehe bado.

Dawa ilifanya kazi. Tingatinga hakupasuliwa tena, ingawa alikaa wodini hadi akawajua wauguzi wote kwa sauti za viatu vyao. Chiriku alikwenda kumwona kila mara na mama. Baba yake aliongea na mama, aliongea na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliongea hata na mfagiaji. Kwake yeye hakusema neno.

Aliporudi nyumbani, jioni ya kwanza, Chiriku alimpelekea kidonge. Tingatinga alikimeza, kisha akafungua mdomo wazi, akatoa ulimi.

"Umeona, askari?" alisema. "Kaandike ripoti."

Chiriku aliweka kikombe mezani kwa kishindo hadi maji yakaruka.

"Mimi si askari," alisema. "Mimi ni mdakaji. Niliacha goli langu nije kukupa dawa, na wewe ukanifundisha uongo. Ukaniambia nisikuite baba. Ningenyamaza ungekufa kwenye hicho kiti, baba, na mimi ningekuwa ndiye niliyekaa kimya. Ungeniachia hilo mpaka nizeeke." Alikuwa hajawahi kusema hivyo na mtu mzima yeyote, akasubiri kofi.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuingilia.

Tingatinga alitazama mikono yake, ile mikubwa iliyobeba nusu ng'ombe, sasa ina alama za sindano nyuma ya viganja. Aliposema, sauti yake ilikuwa bado ya ukali, lakini ukali wenyewe ulikuwa umegeuka upande wake.

"Kaa," alisema. "Kule wodini nilikuwa nikijiambia kwamba nimekukasirikia wewe. Ilikuwa rahisi hivyo. Muuguzi wa kliniki alinijia, nikamwambia mtu wa kazi yangu hawezi kuishi na hiki kidonge, bora nife. Akaniuliza, mbona hujatuuliza? Kumbe zipo glavu za nyuzi za chuma, wauza nyama wanavaa mkono usioshika kisu. Kumbe kipimo cha dawa kinarekebishwa kila ukipimwa. Kumbe kidari kikishaunga ninaweza kurudi buchani, mradi nisibebe mizigo. Yote hayo yalikuwapo. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika kwa sababu nilikuwa naogopa."

Akavuta pumzi. Vali ililia wazi katika ukimya ule.

"Sasa nikwambie kitu, na ukishike hata mimi nikikisahau. Mtu mzima akikuomba ufiche jambo linalomdhuru yeye, au wewe, au mwingine yeyote, hiyo si siri ya kutunza. Hata akiwa baba yako. Hata akikutisha. Mtafute mtu mzima mwingine umwambie, na umwambie siku ile ile, usingoje mpaka hali iharibike. Ulichelewa, mwanangu, nami ndiye niliyekuchelewesha. Lakini ulipokwenda, ulikwenda kwa mbio, na ulisema yote. Ndiyo maana niko hapa nakufokea."

"Na mimi nilitaka usinywe," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema shauri yako."

"Mama yako ameniambia. Ningekuwa wewe ningesema mabaya zaidi."

Mama alisogea akapangusa yale maji mezani. Alisema kuanzia kesho kidonge ni cha mwenyewe. Tingatinga atakimeza wakati wa chakula, wote wakiwa wanamwona, na mtoto atakwenda uwanjani. Akasema pia kwamba yeye na shangazi wameacha kumnyang'anya vitu mkononi. Akitaka kubeba kikombe chake abebe, akitaka kumenya viazi amenye, tena viko gunia zima jikoni vinamngoja.

Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Tingatinga aliendelea kununa juu ya chai, na mwalimu wa michezo alimweka Chiriku benchi mechi mbili kabla ya kumrudishia goli. Lakini kliniki Tingatinga alikwenda, na mara ya kwanza alikwenda na mama ili asipotelee sokoni. Miezi ilipopita na kidari kikaunga, alirudi buchani. Mkono wa kushoto alivaa ile glavu ya chuma, ambayo aliichukia kwa moyo wake wote. Fundi cherehani aliiita soksi, akafukuzwa dukani kwa siku nzima.

Jumamosi ya kwanza tangu arudi, Chiriku alikuwa akifunga nyama kwenye karatasi. Aliingia mteja mgeni, bwana mwenye haraka, akaonyesha paja zima lililotundikwa juu kabisa nyuma ya Tingatinga. Alisema analitaka lile, amteremshie upesi, gari lake limeziba njia.

Tingatinga aliinua mkono kuielekea kulabu. Mama aliacha kukata. Chiriku aliacha kufunga. Mkono ulisimama hewani, ukarudi chini taratibu, na shingo ya Tingatinga ikavimba kama mtu anayemeza kitu kikubwa.

"Sinyanyui vitu vizito," alimwambia yule bwana, akimtazama usoni kama anayetaka kupigana naye. "Nimepasuliwa moyo. Subiri, mke wangu na binti yangu watakuteremshia."

Alisema kwa hasira, lakini alisema. Kisha akasogea pembeni, akawaachia nafasi wapite.